Kiti cha Fisi

Niliwapima wenye mikia wakiwa wamesimama, na hapo ndipo nilipokosea. Fundi yeyote wa viti anajua kwamba mtu akikaa hubadilika: nyonga hupanuka, mgongo hushuka, goti hupanda. Mimi nilijua vizuri sana. Hata hivyo niliwapanga walimu watano wima kwenye uwanja wa karakana, nikawapima na mikia yao mmoja baada ya mwingine, nikaandika hesabu kwa penseli kwenye kipande cha ubao, nikaingia kupasua mbao. Mwaka ule sikuweza kusimama mahali pamoja nikafikiri jambo mara mbili. Nilikuwa mtu wa kuanza kazi kabla ya kuielewa, ilimradi mikono isikae bure.

Zilikuwa zama za Mwingereza, mjini Arusha. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nikifanya kazi kwa Kalasinga mmoja aliyekuwa akiunda bodi za mabasi na malori. Chasisi ilikuja uchi, injini na usukani tu, nasi tukaivika mbao, bati, madirisha na viti. Viti vilikuwa vyangu. Mbao za loliondo na podo zilitushukia kutoka upande wa Olmotonyi zikiwa bado zinanuka msitu, nami nikazipiga randa hadi zing'ae. Kalasinga alikuwa fundi hasa, mtu wa maneno machache, na neno la Kiswahili alilolipenda kuliko yote lilikuwa haraka.

Memsabu mmoja alikuja na karatasi za michoro. Siku ya maonyesho ya kilimo alitaka lori lipite mjini likiwa limebeba wanyama wanaoishi kama watu. Mbele kungekuwa na gari la mbao, Simba mwenye kofia ameshika usukani, Nyani ubavuni mwake. Nyuma yao kungekuwa na sebule: meza, birika, vikombe, na Sungura, Mamba na Fisi wakinywa chai wamevaa makoti. Walimu watano wa shule walikubali kuvaa vichwa vya wanyama hao. Kilichomtia wasiwasi memsabu ni mikia. Alikwisha kuishona, kitambaa cha kaki kilichoshindiliwa katani na waya ndani yake, na hakutaka ikunjwe, wala ifichwe ndani ya koti, wala ishikwe mkononi. Alisema mnyama asiyeonekana mkia ni mtu tu aliyejifunika uso. Kwa hiyo alihitaji viti ambavyo mwenye mkia angekaa kama sisi tunavyokaa.

Wenzangu karakanani walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi sikucheka. Niliichukua kazi ile kwa pupa, maana ilikuwa ngumu, na nilitaka kitu kigumu cha kunishughulisha nisimfikirie mama.

Mama yangu alikuwa na miezi minane hajakaa.

Nyumbani kwetu ni Maji ya Chai. Mama alizoea kupakia ndizi kwenye lori la abiria na kwenda nazo soko la mjini. Siku moja, karibu na Usa River, lori liliingia kwenye shimo na benchi la nyuma likang'oka upande mmoja. Abiria wengine walidandia kuta. Mama alianguka akakaa juu ya ukingo wa chuma wa sakafu. Dresa wa zahanati alimwambia kwamba umepasuka mfupa mdogo wa mwisho wa uti wa mgongo, pale ambapo mnyama huanzia mkia, na kwamba hauna dawa ila kupumzishwa. Maneno hayo niliyasikia kwa masikio yangu mwenyewe. Yaliingia sikio hili yakatokea lile.

Tangu hapo akawa mtu wa kusimama. Alikula amesimama, alichambua mboga amesimama, kanisani alisimama nyuma kabisa karibu na mlango, na watu wakadhani amezidi unyenyekevu. Usiku alilala kifudifudi. Akijaribu kukaa, hata juu ya mto, uso wake ulibadilika rangi, akainuka tena. Mchana kutwa alitembea kutoka jikoni hadi bandani, kutoka bandani hadi mgombani, na nikienda nyumbani Jumapili nilitembea nyuma yake kama nimefungwa kamba. Nyumba nzima ilikuwa haina utulivu. Mdogo wangu, binti pekee wa mama, ndiye aliyekamua ng'ombe na kufanya kila kazi inayotaka mtu akae.

Benchi lile nililitengeneza mimi.

Sasa niseme lote. Siku tulipokuwa tunamalizia lori lile, bolti zilikwisha nikiwa nimebakiza benchi moja. Mwenye lori alikuwa mlangoni, na Kalasinga akaniambia haraka. Nikalipigilia lile benchi kwa misumari. Nilijiambia kwamba lori likirudi kupakwa rangi ya pili nitaibadilisha, na sikumwambia mtu. Lori halikurudi. Mama alipoanguka, mwenye lori alilipeleka kwa fundi mwingine, hakuna aliyeniuliza kitu, nami nikanyamaza. Nyumbani nilimnunulia dawa za kuchua, nikamshonea mito ya sufi, nikachimba shimo la takataka ambalo hakuna aliyelihitaji. Nilifanya kila kitu isipokuwa kufungua mdomo.

Kisha ikaja posa ya mdogo wangu. Kijana alitoka Akeri, watu wa kwao ni watu wazima wenye heshima zao, na mdogo wangu alimpenda kijana yule waziwazi, hata hakujua kujificha. Walikuja wajomba wawili na shangazi wa kijana. Baba mdogo, aliyeshika mambo yetu tangu baba afariki, aliwakaribisha ndani. Wote wakakaa. Mama akawagawia maziwa, kisha akasimama karibu na nguzo, mikono ameifunga kifuani.

Kwetu mwenye nyumba hawasimamii wageni wake. Mama wa binti akisimama mbele ya watu waliokuja kuposa, anawaambia kwa mwili wake kwamba wamalize waende. Wageni wakangoja akae. Baba mdogo akakohoa. Shangazi wa kijana akamwambia mama kwa upole apumzike, mama akajibu kwamba hajambo. Wakangoja tena. Mwishowe wakaweka vibuyu chini vikiwa na maziwa nusu, wakaaga kwa adabu, wakaondoka bila kutaja kilichowaleta.

Ungemwambia mtu wa mbali kisa hiki angeuliza kwa nini mama hakusema tu kwamba anaumwa. Angesemaje? Wale walikuwa wakwe watarajiwa. Baba mdogo asingeweza kutaja mahali penyewe mbele ya shangazi, na mimi ndiyo kabisa. Nilipomshauri mama tumtume mzee wa kanisa akaeleze, alinitazama kwa namna ambayo ilinifanya nirudi nyuma hatua moja. Aliniuliza kama nataka habari za makalio yake zifike Akeri kabla ya binti yake. Mdogo wangu hakulia. Alichukua vibuyu vya wageni akaviosha, akavirudia, akaviosha tena.

Baada ya wiki kadhaa tukaletewa ujumbe. Watu wa Akeri wangekuja mara moja zaidi, Jumapili, kwa heshima ya marehemu baba. Kama mama wa binti bado hawataki, aseme kwa mdomo, asiwasimamie vichwani. Jumapili hiyo ilikuwa kesho yake baada ya maonyesho. Kwa hiyo nilikuwa napima mikia ya walimu huku roho iko juu juu, najua siku ngapi zimebaki kwa kuangalia tu rundo la mbao.

Kiti cha kwanza nilikitoboa tundu kwenye egemeo, kwa kipimo cha mtu aliyesimama. Aliyekijaribu ni mwalimu wa hesabu aliyekuwa Fisi, mtu mnene, mcheshi. Alipokaa, kumbe mkia umeshuka naye, uko chini kabisa ya tundu, umebanwa kati yake na egemeo, na ncha imepanda hadi shingoni. Akaniuliza kama fisi wa kwetu huko Maji ya Chai wana mkia kisogoni.

Kiti cha pili nikatoboa tundu katikati ya ubao wa kukalia. Ilibidi mtu mmoja aingize mkia kutoka juu, wa pili auvute kutoka chini kama uzi kwenye sindano, ndipo mwalimu akakaa, na alikaa vizuri. Kumtoa ndiko kulikuwa kazi. Kalasinga alikuja akatazama watu watatu wakihangaika na Fisi mmoja, akauliza lori likishika moto itakuwaje, akaenda zake.

Niliona aibu, na aibu ikanituliza kidogo. Niliketi juu ya rundo la mbao nikamtazama yule mwalimu akikaa na kuinuka, akikaa na kuinuka, kama nilivyopaswa kufanya tangu mwanzo. Mtu hakai kwa kushuka moja kwa moja. Hukaa kwa kurudi nyuma. Basi mkia nao unataka njia ya kurudi nyuma, wala hautaki tundu. Nikachukua msumeno, nikakata mwanya kwenye ubao wa kukalia kuanzia ukingo wa nyuma kuja katikati, upana wa kiganja, nikausafisha kwa patasi na msasa. Egemeo nikaliinua juu ili pabaki uwazi chini yake. Kila upande wa mwanya nikaweka mto mwembamba wa sufi. Kwa Simba na Nyani nikafanya vilevile kwenye kiti kirefu cha basi, mianya miwili, ingawa hapo ilinibidi nibadili fremu nzima ya chini. Mamba nikamwondolea egemeo kabisa, mkia wake ukalala sakafuni nyuma yake. Sungura hakutusumbua. Kila kiungo nilikifunga kwa bolti. Tangu mama aanguke sikuwa nimepigilia kiti chochote kwa msumari, na wenzangu walikuwa wakinitania kwamba ninajenga daraja.

Mwalimu akarudi nyuma, akakaa. Mkia ukapita kwenye mwanya, ukasimama nje nyuma yake umeinuka kama memsabu alivyouchora. Akajitikisa huku na huku. Akasema, "Fundi, huku nyuma hapagusi kitu. Nimekaa kwa mapaja tu, mkia uko hewani."

Alipoinuka nikakaa mimi. Nikapitisha mkono chini ya kiti, nikaingiza vidole kwenye mwanya, nikagusa mfupa wangu wa mwisho kupitia suruali. Ulikuwa hewani. Hakukuwa na ubao, hakukuwa na mto, hakukuwa na kitu. Maneno ya dresa yakanirudia yote, na niliruka kutoka kwenye kile kiti hata Kalasinga akauliza kama nimesahau msumari humo.

Nilitaka kuunda kingine siku ileile, lakini lori halikuwa limekwisha, na kila saa ya kazi ilikuwa na mwenyewe. Siku moja kabla ya maonyesho, memsabu alipokuja kukagua, nikamwomba kiti cha Fisi shughuli ikiisha. Aliuliza nitakifanyia nini. Nikasema ni cha mama yangu. Akacheka sana, akidhani nimefanya mzaha, akasema nichukue.

Maonyesho yenyewe siwezi kuyasimulia vizuri. Watu walijaa pande zote za barabara, wazee kwa watoto, Waarusha, Wameru, Wahindi na Wazungu, na lori lilipopita wakashangilia Simba akipiga honi na Fisi akijimiminia chai. Mimi nilitembea ubavuni mwa lori tangu mwanzo hadi mwisho nikitazama chini ya viti. Kila gurudumu lilipoingia kwenye shimo nilikaza meno. Hakuna kilicholegea.

Jumamosi hiyohiyo jioni nilishuka Maji ya Chai na kiti kichwani. Kilikuwa kimepakwa rangi ya manjano na madoa meusi, na juu ya egemeo kulikuwa na masikio mawili ya mbao. Wauza ndizi wa barabarani waliniuliza kama nimeoa. Sikumwonyesha mama. Nilikificha bandani, na Jumapili asubuhi na mapema nikakata masikio kwa msumeno, mdogo wangu akanishikia. Kisha nikakiingiza ndani, nikakiweka mahali pake mama, ambapo palikuwa wazi muda wote ule.

Mama alikuwa anapanga vibuyu. Alikitazama, akakizunguka.

Aliuliza kimetoka wapi. Sikuwa na akili ya kutunga, nikamwambia ukweli: maonyesho, mwalimu, fisi, mkia. Nikamweleza mwanya ule, na jinsi mfupa unavyobaki hewani. Nilitarajia akasirike kwa kuletewa kiti cha fisi, mnyama ambaye kwetu hatajwi wakati wa kula. Hakukasirika.

"Umekitengeneza wewe?" akauliza.

Nikasema mimi.

"Na lile benchi ulilitengeneza wewe."

Mdogo wangu aliacha kufagia. Nilijihisi nimenywea, mtu mzima wa miaka ishirini na sita. Nilikuwa nimeyapanga maneno ya kuungama mara nyingi, nikiwa barabarani, nikiwa na randa mkononi, na sasa hayakuja hata moja kati ya yale niliyoyapanga.

"Nililipigilia misumari, mama," nikasema. "Bolti zilikwisha. Nilijua halitadumu, nikaliacha hivyohivyo."

"Nilijua," akasema mama. "Lilipinduka mbele yangu nikaiona misumari. Nilikuwa nangoja uniambie."

Miezi minane alisimama huku akiningoja. Mpaka leo nikilikumbuka hilo hushindwa kukaa, huinuka nikazunguka chumba. Sikuweza kumwangalia. Nilisema nisamehe mama.

Mama alikielekezea kidole kile kiti.

"Hiki umekifunga na nini?"

"Bolti. Ziko nane."

"Kipindue."

Nikakipindua juu chini. Mama akaweka mkono mmoja begani kwa mdogo wangu, akainama polepole, uso umekunjamana kwa maumivu, na kwa mkono wa pili akaanza kuzishika nati. Alishika moja, akaikaza kwa kidole gumba na cha shahada, akajaribu kuizungusha. Akaenda ya pili. Alizijaribu zote kama mtu anayechagua viazi sokoni, asiyeamini maneno ya muuzaji. Ya sita aliirudia. Mimi nilisimama pale nikihesabu pamoja naye kimoyomoyo, na sijawahi kukaguliwa kazi na Kalasinga wala na Mzungu yeyote kwa namna ile.

Aliponyooka alisema nikisimamishe tena. Akakipa mgongo. Akarudi nyuma, vilevile kama mwalimu alivyorudi, akashika mikono ya kiti, akashuka. Alisita katikati, na mdogo wangu akafumba macho. Kisha akakaa.

Tulingoja. Uso wake haukubadilika rangi. Alihamisha uzito upande mmoja, akahamisha upande wa pili, akatulia. Alimwambia mdogo wangu amletee ungo wa maharage achambue, maana wageni walikuwa karibu na hakuna kilichokuwa tayari. Mdogo wangu aliuleta akilia, machozi yakidondoka kwenye maharage, na mama akamwambia asiyatie chumvi mapema. Mimi nilitoka nje nikalia nyuma ya banda.

Watu wa Akeri walifika jua likiwa limepanda. Mdogo wangu alikwisha kukifunika kiti kwa khanga mbili, madoa hayakuonekana. Shangazi wa kijana aliingia wa kwanza, uso umekazwa, tayari kwa ugomvi wa heshima. Akamwona mama amekaa, ungo mapajani. Akasimama kidogo mlangoni. Mama akawakaribisha kwa kuonyesha viti na kuwaomba radhi kwamba hainuki.

"Dada, leo umetukalia," shangazi akasema.

"Siku ile nilikuwa na maumivu," mama akajibu. "Yamepungua."

Hakusema ya wapi, na shangazi, mwanamke mwenye akili, hakuuliza. Alivuta kigoda akakaa karibu sana na mama, magoti yakigusana. Maziwa yakagawiwa. Baba mdogo akakohoa kikohozi chake cha kuanzia, mjomba mkubwa akasema waliona ua zuri kwenye boma hili, na mambo yakaenda kama yanavyotakiwa kwenda. Loshoro, mahindi yaliyopikwa yakachanganywa na maziwa ya mgando, ililiwa hadi sufuria ikakwanguliwa. Vibuyu vilirudi vitupu.

Mimi wakati wote huo nilikuwa mlangoni. Niliingia, nikatoka, nikaleta kuni zisizohitajika, nikaegemea nguzo ileile ambayo mama alisimama karibu nayo siku ya kwanza. Macho yangu yalikuwa kwenye miguu ya kile kiti. Katikati ya maneno ya mjomba, mama aligeuza kichwa akaniangalia, na wageni nao wakageuka.

"Mwanangu," akasema, "na wewe kaa sasa."

Viti vyote vilikuwa na wageni. Nikakaa chini sakafuni, karibu na miguu yake, nikanyoosha yangu.